Nywila hukaguliwa wapi? Kusanidi saraka pepe kwa ajili ya watumiaji wa hifadhidata za Oracle

Katika shirika lenye hifadhidata moja au mbili, kumfungulia kila mtumiaji akaunti ndani ya hifadhidata yenyewe ni utaratibu unaotosha. Mambo hubadilika hifadhidata zinapoongezeka na watumiaji kufika mamia. Mtu mmoja hujikuta na akaunti nyingi zenye nywila tofauti. Akihamishwa idara, ruhusa zake za zamani hubaki kama zilivyokuwa. Na akiacha kazi, akaunti yake ya kompyuta hufungwa siku hiyohiyo ilhali zile za hifadhidata huendelea kuwa wazi kwa miezi, kwa kuwa hakuna mtu mwenye orodha kamili ya mahali zilipo. Akaunti za namna hiyo, zisizo na mwenyewe lakini zenye ruhusa zake zote, ni miongoni mwa vitu ambavyo mkaguzi wa usalama huvitafuta kwanza.

Oracle ililijibu tatizo hili kwa Enterprise User Security, ambayo kwa kifupi huitwa EUS na imekuwapo tangu enzi za Oracle8i mwishoni mwa miaka ya 1990. Wazo lake ni kwamba mtumiaji asiwekwe ndani ya hifadhidata, bali katika saraka ya LDAP, yaani orodha ya pamoja ya watumiaji inayoulizwa kwa itifaki ya mtandao iitwayo LDAP, na hifadhidata zote za shirika zimtafute huko. Awali saraka iliyotegemewa ilikuwa ya Oracle wenyewe, Oracle Internet Directory, yaani OID, na hapo ndipo mashirika mengi yalipokwama, kwa sababu watumiaji wao walikuwa tayari wamo katika Active Directory, saraka ya Microsoft, au katika saraka nyingine kama eDirectory ya Novell. Kuwanakili watumiaji wote kutoka saraka moja hadi nyingine na kuzilinganisha kila mara kuliwezekana, lakini kulimaanisha kuwa na nakala mbili za taarifa zilezile, na nakala mbili hazikosi kupishana.

Mwaka 2005 Oracle iliinunua kampuni ya OctetString, na bidhaa ya kampuni hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Oracle Virtual Directory, au OVD. Hii ni seva ya saraka pepe: haiwatunzi watumiaji, bali hupokea maswali ya LDAP, huyapeleka kwenye saraka halisi, na kurudisha majibu yakiwa katika sura anayoitarajia muulizaji. Kazi yake ni ya mkalimani anayesimama kati ya wawili wanaozungumza lugha moja, ila kila mmoja ana msamiati wake.

Maelekezo ya kuiunganisha saraka hiyo na hifadhidata huwa ni mfuatano mrefu wa hatua, na msomaji anaweza kuzitekeleza zote kwa usahihi bila kufahamu kwa nini zipo. Siku hitilafu inapotokea, hana pa kuanzia. Kwa maoni yangu, ugumu mwingi wa mada hii unatokana na jambo moja ambalo halisemwi mapema wala kwa msisitizo unaostahili, nalo ni hili: hifadhidata haiiulizi saraka kama nywila ni sahihi.

Hifadhidata hukagua nywila yenyewe

Programu nyingi zinazotumia LDAP huthibitisha mtumiaji kwa njia nyepesi. Huchukua jina na nywila aliyoandika, hujaribu kujiunga na saraka kwa kutumia jina na nywila hiyo, na saraka ikikubali, mtumiaji ameingia. Anayeijua njia hiyo hudhani kwamba EUS nayo hufanya hivyo, na dhana hiyo humpotosha tangu mwanzo.

Katika EUS, mtumiaji anapotuma jina lake, hifadhidata hutazama kwanza kama kuna akaunti ya ndani yenye jina hilo. Isipoiona, hufungua pochi yake, yaani faili iliyosimbwa ambamo mna jina na nywila ya hifadhidata yenyewe, kisha hujiunga na saraka kwa utambulisho wake, si kwa utambulisho wa mtumiaji. Ikishaingia, humtafuta mtumiaji kwa jina lake la kuingilia, huchukua jina bainifu la ingizo lake, yaani anwani kamili ya rekodi yake katika mti wa saraka, halafu husoma sifa inayobeba kithibitishi cha nywila, ambacho ni matokeo ya kuipitisha nywila katika hesabu ya upande mmoja kama SHA-1. Ulinganisho wenyewe, kati ya kithibitishi hicho na nywila aliyoandika mtumiaji, hufanyika ndani ya hifadhidata. Vikilingana, hifadhidata hurudi tena kwenye saraka kuuliza maswali mawili: mtumiaji huyu aingie katika skima ipi (akaunti ya hifadhidata inayomiliki majedwali na vitu vingine), na apewe dhima zipi (mafungu ya ruhusa)?

Mtu akishaushika mtiririko huu, karibu kila hatua ya usanidi hujieleza. Chukua Active Directory. Saraka hiyo haimpi mtu yeyote, hata msimamizi, nywila iliyohifadhiwa au kithibitishi chake kwa njia ya LDAP. Sifa ya unicodePwd huandikwa lakini haisomeki. Kwa hiyo hifadhidata ikiomba kithibitishi, hakuna cha kuipa. Ndiyo maana Oracle hutoa kichujio cha nywila, faili ya oidpwdcn.dll, kinachosakinishwa kwenye kila seva ya kikoa, yaani kila seva inayoendesha Active Directory. Mtumiaji anapobadilisha nywila, kichujio huiona kabla haijafichwa, hukokotoa kithibitishi ambacho Oracle inakielewa, na kukiandika katika sifa mpya iitwayo orclCommonAttribute.

Hapa nashauri mtu atulie na kupima, kwa sababu uamuzi huu una gharama kubwa kuliko hatua nyingine zote. Kwanza, sifa mpya inahitaji skima ya Active Directory (hapa ni orodha ya aina za sifa ambazo saraka inazikubali, si ile skima ya hifadhidata) iongezwe, na kinachoongezwa katika skima hiyo hakifutiki. Huweza kuzimwa tu. Pili, kichujio hakianzi kazi mpaka seva ya kikoa iwashwe upya, na kikikosekana kwenye seva moja tu, watumiaji wanaobadilisha nywila kupitia seva hiyo hawatakuwa na kithibitishi kipya. Tatu, kichujio hakiwezi kukokotoa kitu kutokana na nywila zilizokwisha kuhifadhiwa, kwa hiyo kila mtumiaji wa hifadhidata hana budi kubadilisha nywila yake mara moja baada ya usakinishaji. Nne, na hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kithibitishi cha SHA-1 ni mali ya thamani kwa mwizi wa nywila. Katika Active Directory, watumiaji waliokwisha kuingia huweza kusoma sifa nyingi za wenzao bila ruhusa maalumu, na hivyo ruhusa ya kuisoma orclCommonAttribute inapaswa kubanwa hadi ibaki kwa akaunti moja tu inayotumiwa na saraka pepe. Kuliacha hili lisubiri baada ya majaribio ni kukaribisha hatari kubwa kuliko ile iliyokusudiwa kuondolewa.

Njia ya kuepuka yote haya ni Kerberos, itifaki ya kuthibitisha watumiaji kwa tiketi. Mtumiaji hupata tiketi kutoka kwenye seva ya kikoa, huiwasilisha kwa hifadhidata, na hakuna nywila wala kithibitishi kinachosafiri. Saraka hubakiwa na kazi ya kumtambua tu: jina lililomo kwenye tiketi hulinganishwa na sifa ya userPrincipalName, kisha skima na dhima hutafutwa kama kawaida. Kichujio hakihitajiki. Palipo na uwezo wa kuchagua, ningechagua njia hii bila kusita. Hata hivyo ina masharti yake, kwani saa za mashine zote zinapaswa kwenda pamoja, tofauti inayovumiliwa kwa kawaida ikiwa ni dakika 5, na zipo programu za zamani zinazojua kupokea jina na nywila pekee. Shirika lenye programu za aina hiyo hurudi kwenye kichujio hata kama halikipendi.

Ndani ya saraka pepe

OVD hujengwa kwa adapta, yaani vipande vinavyoiunganisha na vyanzo vya taarifa. Adapta ya LDAP huelekezwa kwenye saraka halisi, ipo adapta ya hifadhidata, ipo ya kuunganisha vyanzo viwili katika ingizo moja, na ipo adapta ya hifadhi ya ndani, ambayo huweka maingizo machache kwenye seva yenyewe. Kwa ajili ya EUS zinazohusika hasa ni ya kwanza na ya mwisho.

Adapta ya ndani inahitajika kwa sababu hifadhidata ya Oracle, kabla ya kumtafuta mtu yeyote, hukagua kama saraka inayozungumza nayo ina vitu fulani vya msingi: tawi la cn=OracleContext na ingizo la cn=OracleSchemaVersion kwenye mzizi wa mti. Active Directory haina vitu hivyo mahali hapo, basi saraka pepe huvitengeneza kutokana na faili za LDIF, yaani maandishi yanayoorodhesha maingizo ya saraka, zinazokuja nayo. Taarifa nyingine za EUS, yaani usajili wa hifadhidata, ramani za watumiaji (nani aingie katika skima ipi) na dhima za shirika, zinaweza kukaa ndani ya saraka ileile yenye watumiaji au katika OID ndogo iliyotengwa kwa kazi hiyo. Wasimamizi wa Active Directory kwa kawaida hawapendi kuona tawi la Oracle katika mti wao, na hoja yao ina uzito. Lakini OID iliyotengwa nayo ni mfumo mwingine wa kutunzwa. Hata ukiitenga, bado skima ya Active Directory itahitaji ile sifa ya kithibitishi ikiwa nywila ndizo zitakazotumika.

Adapta ya LDAP ndiyo inayobeba tafsiri. Tuseme mtumiaji ana ingizo la CN=Mhasibu Mkuu,OU=Fedha,DC=mfano,DC=com, na jina lake la kuingilia, lililo katika sifa ya sAMAccountName, ni mhasibu1. Hifadhidata haijui darasa (aina ya ingizo) la user la Active Directory. Inatarajia darasa la inetOrgPerson pamoja na madarasa ya Oracle. Programu-jalizi ya kubadilisha madarasa hulishughulikia hilo katika pande zote mbili: swali linaloingia na jibu linalotoka. Programu-jalizi nyingine, iliyotengenezwa mahususi kwa EUS, huchukua orclCommonAttribute na kuitoa kama sifa ambayo hifadhidata iliiomba. Ipo pia iitwayo euslockout, na umuhimu wake hauonekani mpaka mtu arudi kwenye ule mtiririko wa nywila: kwa kuwa ukaguzi hufanyika ndani ya hifadhidata, Active Directory haina habari kwamba mtu amekosea nywila mara nyingi mfululizo, na sera yake ya kufunga akaunti haiguswi. Programu-jalizi hiyo hufikisha habari ya makosa kwenye saraka halisi. Bila yake, mshambuliaji angepata mahali pa kubahatisha nywila za shirika zima pasipo kufungiwa.

Mambo mawili katika ingizo la cn=Common,cn=Products,cn=OracleContext hupaswa kukaguliwa kwa macho na si kuachwa kama yalivyo. Sifa ya orclCommonUserSearchBase hueleza watumiaji watafutwe kuanzia tawi gani, na orclCommonNicknameAttribute hueleza jina la kuingilia lisomwe kutoka sifa ipi. Ikiwa ya pili imebaki uid wakati majina yako katika sAMAccountName na hakuna tafsiri kati yake, kila mtu ataonekana kuwa hayupo.

Upande wa hifadhidata

Usanidi hapa ni mfupi. Faili ya ldap.ora, katika folda ya network/admin ya Oracle, hutaja seva, poti zake na mzizi wa mti:

DIRECTORY_SERVERS=(ovd1.mfano.com:6501:7501, ovd2.mfano.com:6501:7501)
DEFAULT_ADMIN_CONTEXT="dc=mfano,dc=com"
DIRECTORY_SERVER_TYPE=OID

Poti ya 6501 ni ile ya kawaida ya OVD kwa mawasiliano yasiyosimbwa, na 7501 ni ya mawasiliano yaliyosimbwa. Mstari wa mwisho huwatatanisha wengi, lakini ni sahihi: hifadhidata huamini inazungumza na OID, na saraka pepe ipo ili imani hiyo isivunjike. Poti iliyosimbwa ina tabia ya pekee pia. Hifadhidata huweza kuomba usimbaji bila upande wowote kuonyesha cheti, na matoleo mapya ya Java huzuia aina hiyo ya usimbaji. Ikitokea kwamba muunganisho ulikuwa ukifanya kazi na ukakatika mara baada ya Java kusasishwa kwenye seva ya OVD, hapo ndipo pa kutazama kwanza.

Baada ya faili hiyo, programu ya DBCA, ya kuunda na kusanidi hifadhidata, huisajili hifadhidata. Kitendo hicho huandika ingizo la hifadhidata ndani ya saraka, hutengeneza pochi yenye nywila iliyozalishwa, na kuweka kigezo cha ldap_directory_access kuwa PASSWORD. Amri ya mkstore yenye chaguo la -list huonyesha kwamba pochi ina ORACLE.SECURITY.DN na ORACLE.SECURITY.PASSWORD, ambavyo ndivyo utambulisho uliotajwa awali.

Kisha huja skima ya pamoja, ambayo watumiaji wengi huingia kupitia kwake bila kuwa na akaunti binafsi:

CREATE USER wahasibu IDENTIFIED GLOBALLY;

Amri ya eusm createMapping (eusm ni zana ya kusimamia EUS) hulifunga tawi zima la OU=Fedha kwenye skima hiyo, au ingizo moja pekee ikiwa ndivyo inavyotakiwa. Dhima nazo huundwa kwa IDENTIFIED GLOBALLY, huwekwa ndani ya dhima za shirika, na dhima hizo hutolewa kwa mtu au kikundi kilichomo katika saraka. Mtu akiondolewa katika kikundi, atakapoingia tena hatakuwa na dhima hiyo katika hifadhidata yoyote. Kikao kilichokwisha kufunguliwa, hata hivyo, hakiguswi, na anayemwondoa mtu kwa sababu za kiusalama anapaswa kuvikata vikao vyake kwa mkono.

Swali ambalo wakaguzi huuliza haraka ni hili: ikiwa watu thelathini wanaingia kupitia skima ya WAHASIBU, nani alifuta rekodi ile? Jibu lipo. SYS_CONTEXT('USERENV','ENTERPRISE_IDENTITY') hurudisha jina bainifu la mtu halisi, hata pale CURRENT_SCHEMA inaposema WAHASIBU. Kinachobaki ni kuhakikisha kwamba taarifa za ukaguzi na vichochezi vya programu vinaisoma thamani hiyo badala ya kusoma jina la skima, na kazi hiyo ifanywe kabla watumiaji hawajahamishwa, si baada.

Hitilafu husema ni hatua ipi

Ujumbe wa hitilafu za EUS huonekana kuwa fumbo kwa asiyejua mtiririko, lakini kila mmoja una mahali pake. ORA-28030 humaanisha kwamba hifadhidata imepata shida kuifikia saraka, kwa hiyo mtandao, poti, usimbaji na pochi ndivyo vya kukaguliwa. ORA-28043 husema saraka imefikiwa, lakini nywila ya hifadhidata iliyo kwenye pochi imekataliwa. Mara nyingi pochi imenakiliwa kutoka mashine nyingine au usajili umerudiwa. ORA-28273 humaanisha jina la kuingilia halikupata ingizo lolote, na hapo turudi kwenye zile sifa mbili za cn=Common. ORA-28274 ni ya kithibitishi: ingizo limeonekana lakini halina nywila ya Oracle, aghalabu kwa sababu mtumiaji hajabadilisha nywila tangu kichujio kisakinishwe. ORA-01045 huja mwishoni kabisa, wakati uthibitishaji umekamilika lakini hakuna aliyetoa ruhusa ya CREATE SESSION, yaani ya kufungua kikao, si kwa skima wala kwa dhima.

Palipo na utata, amri ya ALTER SYSTEM SET EVENTS '28033 trace name context forever, level 9' huifanya hifadhidata iandike kila swali inalotuma kwenye saraka na kila jibu inalopata. Kulisoma faili hilo sambamba na logi ya OVD hufunua tofauti kati ya kilichoulizwa na kilichotafsiriwa. Ni vyema kuizima amri hiyo mara kazi inapokwisha, kwa maana faili hukua upesi.

Upatikanaji nao una uzito wake, kwani saraka ikilala, hakuna mtumiaji wa shirika atakayeingia. Seva mbili za OVD zilizotajwa katika ldap.ora ni kiwango cha chini, na akaunti chache za ndani za wasimamizi zibaki hai kwa ajili ya siku hiyo. Kila kuingia hugharimu maswali kadhaa ya LDAP, kwa hiyo programu inayofungua na kufunga muunganisho kwa kila ombi itaitesa saraka bila sababu.

Anayeanza upya leo anapaswa kujua kwamba ardhi imesogea. Kazi za OVD zimehamia ndani ya Oracle Unified Directory; toleo la 18c la hifadhidata lilileta njia ya kuunganika na Active Directory moja kwa moja, bila saraka ya kati; na katika toleo la 23ai Oracle imetangaza kwamba EUS iko njiani kuondolewa. Njia mpya huondoa mkalimani, lakini haiondoi suala la nywila: anayetaka watumiaji waingie kwa nywila bado ataongeza orclCommonAttribute na kusakinisha kichujio kipya kwenye seva zote za kikoa, na Kerberos bado ndiyo njia isiyohitaji kichujio. Kinachobadilika zaidi ni ramani, kwa sababu skima ya pamoja sasa hufungwa kwenye kikundi cha Active Directory, si kwenye tawi la mti. Kwa hiyo shirika ambalo bado lina OVD lianze kwa kuendesha eusm listMappings kwenye kila hifadhidata na kutafuta ramani za matawi, maana kila moja kati ya hizo itahitaji kikundi ambacho huenda hakijawahi kuundwa, na wa kuamua nani awemo ni wakuu wa idara husika, si msimamizi wa hifadhidata.